POS ikikwama siku hoteli imejaa: soma dalili kwanza kabla hujanunua nyingine

Ndugu zangu wenye hoteli na mikahawa hapa Mombasa, kila Idd ikipita ama shoo ya Mkomani ikiisha naona watu wanaulizia POS mpya (ule mfumo wa kuingiza oda na kupokea malipo) kwa hasira, manake ile waliyo nayo imewaaibisha mbele ya wateja. Naelewa kabisa. Lakini ukienda ukaangalia vizuri mara nyingi unakuta programu haina kosa, kilichokwama ni rauta, ama keshia ni mmoja, ama menyu yenyewe, na huyo mtu atalipia mfumo mpya pesa nyingi alafu sikukuu ijayo akwame pale pale. Kwa hivo hapa nimefuata dalili: angalia unachokiona wewe kwako, tafuta sababu yake, ndio uamue kama ni la kurekebisha ama kweli ni la kubadilisha.

Na jambo moja nitalirudia sana, mfumo wa hoteli inayopata misukosuko ya sherehe unachaguliwa kwa saa yake mbaya kuliko zote. Siku ya Jumanne saa nne asubuhi hata daftari na kalamu zinatosha.

Kwanza, watu wako wanajaa vipi?

Kujaa kuko kwa aina nyingi na kila aina inaziba mahali pake.

Chukua Ramadhani. Hapa kwetu maghribi mwaka mzima inaingia kati ya saa 12 na dakika chache na saa moja kasorobo, na wakati wa futari wateja wote wanataka chakula kiwe mezani adhana ikilia, si kabla si baada. Hapo kaunta haina shida hata kidogo, kinachokufa ni jikoni, manake oda mia zimeingia saa 11 na nusu na zote zinatakiwa dakika moja. Sasa chukua mahali pa kuonyesha mechi, Nyali ama Bamburi huko, mpira una mapumziko ya dakika 15 na watu wote wanasimama pamoja kununua, hapo jikoni iko sawa (chipsi na mishikaki ilishaandaliwa) lakini kaunta inazidiwa. Bustani ya ufukweni ya Mama Ngina tangu ilipotengenezwa upya 2019 watu wanamiminika wikendi na sikukuu kuanzia alasiri hadi usiku, mauzo ni madogo madogo, viazi karai za shilingi mia, madafu, mihogo, ni malipo mengi sana ya pesa kidogo kidogo. Meli ya watalii ikitia nanga Kilindini ni kadi na maswali ya menyu. Harusi ni bili moja kubwa na chakula unakijua wiki nzima kabla.

Kwa hivo kabla ya yote chukua ripoti ya siku yako iliyojaa zaidi, tafuta ile dakika 15 iliyokuwa na oda nyingi kuliko zote, andika ni oda ngapi na ni malipo mangapi. Kama POS yako haiwezi kukuonyesha mauzo kwa dakika 15 ama hata kwa saa, hio nayo ni dalili ya kuhesabu. Namba hio ndio utakayompa muuzaji, usimpe mauzo ya mwezi, ya mwezi hayamwambii kitu.

Printa ya jikoni inanyamaza watu wakijaa

Hii ndio inaua mahoteli mengi kwa hivo nitakaa hapa kidogo. Weta amepiga oda, tableti inasema imetumwa, jikoni hakuna karatasi. Dakika kumi baadaye zinatoka oda sita kwa mpigo na mbili kati yake zimejirudia, mpishi anapika biriani mara mbili na meza nyingine haijapata hata maji. Siku za kawaida haifanyi hivo hata mara moja, ndio maana kila mtu anasema ni programu "imezidiwa".

Sababu ya kwanza ya kuangalia ni waifai ya wateja. Mahoteli mengi rauta ni moja, ile ile ya wateja ndio ya tableti ndio ya printa. Rauta inagawa anwani kwa kila simu inayojiunga, kama namba za foleni hospitalini, zikiisha zimeisha. Mtandao mdogo wa kawaida una nafasi 254 kwa jumla na rauta nyingi za kawaida zinakuja zimewekwa zigawe kama 100 tu. Alafu ubaya zaidi, simu ya mteja aliyekula akaondoka saa sita mchana bado inahesabiwa ina anwani yake hadi kesho, kwa sababu muda wa kushika anwani mara nyingi umewekwa saa 24. Sasa siku ya kawaida watu 60 wanaingia hakuna shida, siku ya Idd wanaingia 300, anwani zinaisha, printa ikizimika na kuwaka tena (stima imepepesa kidogo tu) inakosa anwani ama inapewa nyingine, na POS inaendelea kuitafuta kwenye anwani ya zamani. Hapo oda zinapotelea hewani.

Jinsi ya kuthibitisha ni rahisi: zima printa, shika kile kitufe cha kusongeza karatasi, iwashe ukiwa bado umekishika, printa nyingi za mtandao zitatoa karatasi ya majaribio yenye anwani yake. Linganisha na anwani iliyoandikwa ndani ya POS. Zikitofautiana umeshapata mwizi wako. Dawa yake: wateja wapewe waifai yao peke yake isiyogusa vifaa vya kazi, muda wa kushika anwani kwa wageni upunguzwe uwe saa moja hivi, na printa ipewe anwani ya kudumu iliyo nje ya zile zinazogawiwa. Fundi wa mtandao anamaliza hio kazi kwa asubuhi moja na ni bei ndogo sana ukilinganisha na POS mpya.

Sababu ya pili, tableti zote zinatuma moja kwa moja kwenye printa moja. Printa nyingi za mtandao zinapokea mtu mmoja kwa wakati mmoja, zinamaliza zinapokea mwingine. Weta watatu hamuoni kitu, weta 12 wakituma pamoja wengine wanasubiri, programu inachoka kungoja, inajaribu tena, na hapo ndio unapata oda iliyojirudia. Hapa sasa mfumo wenyewe unahusika. POS nzuri kwa hoteli ya misukosuko ina kitu kimoja katikati, kompyuta ama kisanduku kidogo cha ndani, kinachopokea oda zote kinazipanga foleni na kuzituma printa moja moja, na kikishindwa kinapiga kelele kwa weta, "oda ya meza 14 haijatoka". Kile kimya ndio kibaya. Muulize muuzaji waziwazi: printa ikikosa karatasi weta anajuaje? Akisema mpishi atakuja kusema, endelea kutafuta.

Sababu ya tatu ni hali yetu ya pwani, joto la jikoni, mafuta na chumvi ya bahari. Karatasi ya printa ya joto (ile inayochapa kwa joto bila wino) ikikaa karibu na jiko inageuka nyeusi ama maandishi yanapotea, na sehemu za chuma ndani zinashika kutu upesi. Jikoni ukiweka printa ya kugonga yenye utepe wa wino, mfano Epson TM-U220, ni ya kelele na ni ya polepole lakini karatasi yake haijali joto, na kelele yenyewe jikoni ni faida. Ile ya joto iache kaunta. Na jamani kebo! Printa ya jikoni isiwe ya waifai, ivutiwe kebo kutoka kwenye swichi ya mtandao (kile kisanduku cha kuunganisha kebo), mita ishirini za kebo si kitu cha kubania.

Ukishafanya hayo matatu na bado oda zinapotea, sasa unaweza kulaumu programu.

Kila kitu kinazunguka tu, hakifunguki

Weta anabonyeza meza, kiduara kinazunguka. Jiulize kwanza: inazunguka kwenye vifaa vyote ama kimoja? Ikiwa kimoja ni hicho kifaa, tableti ya bei ya chini yenye kumbukumbu ndogo na menyu ya picha 200, hio ni yake. Ikiwa vyote pamoja, chomoa kebo ya intaneti inayoingia kwenye rauta (rauta yenyewe iache iwake) uone. Kama POS inaamka inafanya kazi vizuri ikiwa haina intaneti, basi tatizo lako ni intaneti ya polepole, manake mfumo mwingi unateseka zaidi na intaneti inayokwenda na kurudi kuliko ile iliyokatika kabisa. Kama POS inakufa kabisa, basi umenunua mfumo unaoishi kwenye klaudi (kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa intaneti) peke yake, na hapo mimi nasema bila kuficha, kwa hoteli inayotegemea siku za sherehe huo haufai.

Sababu ziko za kwetu. Wakati wa sherehe kubwa barabarani ama pale Mama Ngina, maelfu ya simu zinashika mnara mmoja, kwa hivo ile rauta yako ya laini ya simu inagombania mnara huo huo na watu wote wanaotuma video. Faiba inasaidia, na ukiweka laini ya pili iwe ya kampuni tofauti, kuweka laini mbili za kampuni moja ni kujidanganya. Hata hivo faiba nayo si ngome. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikawa mbovu Kenya na nchi jirani, na hapo hakuna hoteli ingeweza kufanya chochote isipokuwa kuwa na mfumo unaofanya kazi ndani kwa ndani. Stima nayo tunaijua, Agosti 25, 2023 nchi karibu yote ilikuwa gizani usiku mzima. Watu wananunua jenereta ya friji na taa wanasahau kwamba kati ya stima kupotea na jenereta kushika kuna sekunde kadhaa, na sekunde hizo zinatosha kuzima rauta, swichi na ile kompyuta ya katikati, alafu mnasubiri dakika tano viwake huku watu 200 wanawatazama. Weka UPS ndogo (betri ya akiba inayoshika papo hapo) kwa vitu hivo vitatu. Tableti zina betri zake, haziitaji.

Ukiwa unachagua mfumo, "inafanya kazi bila intaneti" kila muuzaji atakwambia ndio. Uliza vipande: bila intaneti naweza kufungua meza mpya? Oda inafika jikoni? Weta wa tableti ya pili anaiona meza niliyofungua mimi? Naweza kugawa bili? Naweza kufunga bili ya kashi? Wengine "bila intaneti" yao ni kwamba kila tableti inafanya kazi peke yake kama kisiwa, kwa hivo weta wawili wanaweza kufungua meza moja mara mbili, na intaneti ikirudi ndio vita vinaanza.

Laini (foleni) ya kaunta haisongi

Hapa piga hesabu kabla ya kupiga simu. Tuseme mteja mmoja kwenye kaunta, kuchagua hadi kulipa, anachukua sekunde 45. Mapumziko ya mechi ni dakika 15, kwa hivo keshia mmoja anahudumia watu 20. Una watu 120? Unahitaji keshia sita, ama upunguze zile sekunde. Hakuna POS duniani itakayogeuza hio hesabu, ila kuna zinazokusaidia kupunguza sekunde.

Simama nyuma ya keshia na simu yako upime wapi sekunde zinakwenda. Ikiwa zinakwenda kwenye kutafuta bidhaa, menyu ndio tatizo: kuku, alafu kuku robo, alafu choma ama kukaanga, alafu na nini, alafu pilipili, miguso mitano ya skrini kwa kitu kinachouzwa zaidi ya vyote. Mfumo mzuri unakuwezesha kuwa na menyu ya pili ya siku ya sherehe, bidhaa 12 ama 15, skrini moja, kila kitu mguso mmoja, na inajiwasha yenyewe saa unayopanga. Ikiwa zinakwenda kwenye kulipa, weta wenye vifaa vya mkononi waende kwenye laini wachukue oda na malipo watu wakiwa bado wamesimama, kaunta ibaki ya kutoa chakula tu. Kwa mechi ni bora zaidi, uza kabla ya filimbi, dakika ya 35 weta anapita anachukua oda na pesa, mapumziko yakifika ni kugawa.

Hapo angalia leseni. Kuna mifumo inalipisha kwa kila kifaa kwa mwezi mzima, kwa hivo vifaa vinne vya ziada vya wikendi moja unavilipia siku 30. Tafuta inayokuruhusu kuongeza na kupunguza kwa siku, ama inayolipisha kwa tawi bila kujali vifaa.

M-Pesa imeingia lakini bili bado iko wazi

Hii kwetu ndio yenyewe, manake siku ya watu wengi malipo mengi ni ya simu.

Dalili ya kwanza, mteja amelipa kwenye till (namba ya hoteli ya kupokea M-Pesa), ana meseji, POS haijui. Kuna njia mbili za kulipa na ni lazima ujue yako ni ipi. Ya kwanza mteja mwenyewe anaandika namba ya till na kiasi, pesa inaingia, na Safaricom inaituma taarifa kwenye mfumo wako. Taarifa hio inapitia intaneti, ikiwa ya kwako ama ya muuzaji imelala saa ile, haifiki, ama inafika imechelewa. Pia taarifa ya till haibebi namba ya meza, kwa hivo mfumo unabahatisha kwa kiasi, na wateja wawili wa shilingi 850 dakika moja wanachanganywa. Njia ya pili ni POS kumtumia mteja ombi kwenye simu aingize pini tu, hii inajua ni bili gani na hakuna kukosea kiasi. Lakini nayo ina vituko vyake: keshia akiona kimya anabonyeza tena, na ombi la pili likifika wakati la kwanza halijaisha linakataliwa kwa sababu laini ya mteja iko na muamala unaoendelea, sasa keshia anadhani mtandao umekufa kumbe ni yeye anajizibia. Wafundishe wasubiri jibu la kwanza. Na simu ya mteja ikiwa imezima ama mtandao wa mnara umejaa ombi halifiki, mrudishe kwenye till ya kawaida upesi usipoteze dakika.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii: M-Pesa ya mteja haihitaji bando, inakwenda kwa laini ya simu yenyewe. Kwa hivo intaneti yako ikikatika watu bado wanaweza kukulipa, ni POS tu haitajua. Basi mfumo lazima umruhusu keshia kuandika kodi ya muamala kwa mkono, zile herufi na tarakimu 10 za kwenye meseji, afunge bili, na intaneti ikirudi mfumo wenyewe ulinganishe kodi na pesa iliyoingia na ukuonyeshe zisizo na mwenyewe. Na ukatae kodi iliyotumika tayari kwenye bili nyingine, hio ni lazima, manake meseji moja inaweza kuonyeshwa kaunta mbili. Kuhusu meseji zenyewe: usimruhusu weta afunge bili kwa kuangalia simu ya mteja. Meseji za uongo zipo na siku ya watu wengi ndio siku yao. Kinachoaminika ni kilichoonekana kwenye simu ama mfumo wa hoteli.

Nikichagua POS leo hii sehemu ya M-Pesa ningeipa uzito kuliko picha nzuri za ripoti, kuliko pointi za uaminifu, kuliko vyote.

Bili inaganda wakati wa kutoa risiti ya KRA (mamlaka ya kodi)

Tangu Januari 1, 2024 mfanyabiashara hawezi kuhesabu gharama yake kwenye kodi bila risiti ya eTIMS (mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki), kwa hivo kundi la ofisi likija chakula cha mwisho wa mwaka kila meza inataka risiti yenye PIN ya kampuni (namba yake ya kodi). Ikiwa bili inaganda pale pale mwisho, uliza muuzaji POS imeunganishwa eTIMS kwa njia gani. Iko OSCU, inayotaka kuwa mtandaoni, na iko VSCU iliyokusudiwa wanaotoa risiti nyingi kwa wingi ama wasiokuwa mtandaoni muda wote. Hoteli ya misukosuko muulize kwa nini hajakuwekea ya pili. PIN ya mteja nayo iulizwe wakati wa oda, si wakati watu wameshasimama wanataka kuondoka.

Weta wanauza kilichokwisha, jikoni imezama

Biriani imeisha saa mbili, saa mbili na nusu bado inauzwa, mteja amengoja nusu saa ndio aambiwe. Sababu ni kwamba habari inatembea kwa mdomo. Unataka mfumo unaoweka hesabu ya kushuka, asubuhi mpishi anasema sahani 180 za biriani, kila ikiuzwa inapungua kwenye tableti zote, ikifika 10 weta wanaonywa na ikiisha inafungika yenyewe. Jaribu hili ukiwa na vifaa viwili mkononi, uza kwenye kimoja utazame kingine, ikichukua dakika nzima kubadilika haitakusaidia.

Kwa futari na harusi unataka kitu kingine, oda ya saa. Mteja anapiga simu asubuhi, unaingiza watu wanane, unaweka saa 12 jioni, na oda haiendi jikoni hadi muda unaoupanga wewe, mfano dakika 40 kabla. Na jikoni ipate jumla, kaimati sahani 35, sambusa 200, mbaazi 40, siyo karatasi 60 zinazoning'inia. Mfumo usio na jumla hio utamlazimu mpishi mkuu ajumlishe kwa kichwa akiwa amefunga na jasho linamtoka, si haki kumfanyia mtu hivo.

Usiku hesabu haiingiani

Kwa ufupi tu: mara nyingi ni kwa sababu siku ya watu wengi wote wanatumia pini moja, ya meneja, ili wasisumbuke. Hapo oda zinafutwa na hakuna anayejua nani alifuta. Wafanyakazi wa siku mbili wapewe pini zao zinazokufa zenyewe sherehe ikiisha, kufuta oda iliyoshafika jikoni kuhitaji sababu na pini ya mkubwa, na kila keshia afunge droo yake mwenyewe. Kama kuingia na kutoka kwenye pini kunachukua zaidi ya sekunde mbili tatu, wataacha kuitumia, na hapo sitawalaumu wao.

Ukishaona kweli ni ya kubadilisha

Omba muuzaji akuachie vifaa vya majaribio kwako, siyo ofisini kwake. Chagua asubuhi tulivu, kusanya weta sita, waingize oda 60 kwa dakika 10 kwa menyu yako halisi, na katikati chomoa intaneti bila kumwambia mtu, alafu toa karatasi kwenye printa, alafu zima stima ya swichi. Andika oda ngapi zimepotea, ngapi zimejirudia, na ilichukua muda gani kurudi. Muuzaji anayekataa jaribio hili amekusaidia kuokoa pesa.

Uliza pia sapoti inashika simu saa ngapi. Sherehe zetu ni Ijumaa usiku, Jumamosi, Jumapili na sikukuu, na unakuta muuzaji ofisi yake iko Nairobi na inafungwa Jumamosi mchana. Iandikwe kwenye mkataba: namba ya simu, saa zake, na nani yuko hapa Mombasa mwenye printa ya akiba anayeweza kufika kwako, iwe uko kisiwani, Nyali ama umevuka feri uko Likoni, manake printa iliyotumwa kwa basi itafika kesho. Uliza na data yako, ukiacha mfumo huo utapewa mauzo yako yote na menyu kwa faili la kawaida ama itabaki kwao.

Mwisho ni wakati wa kubadilisha. Usihamie mfumo mpya Desemba, wala wiki ya kwanza ya Ramadhani, wala likizo ya Agosti. Mei ni mwezi mzuri hapa kwetu, mvua za masika, wageni wachache, weta wana nafasi ya kukosea na kujifunza. Ule wa zamani uache umelipiwa na umechomekwa hadi upite wikendi moja iliyojaa kweli kweli ukiwa na mpya, na hata baada ya hapo kaunta ibaki na vitabu viwili vya oda vya karatasi ya kunakili, kalamu, na orodha ya bei iliyochapishwa ya mwezi huo.